Mashine ya Upepo na Viazi vya Asubuhi

Kama uko jikoni, funga bomba kidogo uongeze sauti ya redio, maana leo nina ugomvi na boksi. Boksi lenyewe ni lile la eafraya. Siku hizi limepangwa kwenye maduka ya Kariakoo mpaka darini, na kwenye zawadi za harusi limeanza kushindana na seti ya sufuria. Ubavuni pana picha ya viazi vya rangi ya dhahabu, na juu ya picha pana ahadi: kaanga bila mafuta. Dada wa watu anainunua, anafika nyumbani, anamenya viazi, anakata, anavitumbukiza vikiwa bado vinachuruzika maji, anabonyeza kitufe chenye alama ya chipsi, anakwenda kuoga. Akirudi anakuta vipande vimesinyaa, ngozi ngumu, rangi ya vumbi, ndani pakavu, na ukivitafuna vinavutana na meno. Wiki ya pili mashine imeshapanda juu ya kabati, jirani na blenda iliyoungua mota.

Kilichomponza ni ile ahadi. Mashine ile haikaangi kitu. Ifungue uichungulie: juu kabisa kuna feni, chini ya feni kuna koili ya umeme inayowaka nyekundu, chini ya koili kuna kikapu chenye matundu. Feni inasukuma hewa ya moto ishuke, ipenye kwenye kikapu, igonge kitako, ipande tena pembeni. Basi. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali, na ukiitumia kama oveni yenye upepo mkali itakupa viazi vya asubuhi vya kumfanya mgeni aombe kuongezwa. Ukiitumia kama karai, utaishia kuilaani bure.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1940 Mmarekani William Maxson alibuni oveni yenye feni ya kupashia vyakula vilivyogandishwa ndani ya ndege, akaiita Whirlwind. Aliyeishusha hadi kwenye meza ya jikoni ni Mholanzi, Fred van der Weij, ambaye mfano wake wa kwanza aliuunga kwa mbao, alumini na waya wa banda la kuku. Kampuni ya Philips ikaichukua kazi hiyo na kuionyesha kwenye maonyesho ya IFA mjini Berlin mwaka 2010. Waholanzi ni watu wa chipsi kwelikweli, wanazila na mayonezi barabarani, kwa hiyo si ajabu mashine imetoka kwao. Walichotaka ni chipsi za nyumbani bila lita za mafuta, na ndipo neno la kukaanga likaingia kwenye boksi na kung'ang'ania humo.

Sasa tuingie kwenye kiazi, maana mambo yote yako huko.

Kiazi kibichi kwa sehemu kubwa ni maji, karibu sehemu nane katika kumi. Kinachobaki kwa wingi ni wanga. Na maji, msikilizaji, yana tabia moja ambayo mpishi hawezi kuikwepa: yakiwa kwenye sufuria au kwenye ngozi ya kiazi, yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke ule unaondoka na joto. Kwa hiyo kiazi kilicholowa kinagoma hapo hapo kwenye nyuzi 100, hata ukikiwashia moto wa kuyeyusha risasi. Ile rangi ya dhahabu na ile harufu inayowatoa watoto kitandani haziji kwa nyuzi 100. Zinaanza kuja kwa kasi ngozi ikifika kama nyuzi 140, pale sukari na protini zinapokutana na kubadilika. Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwa lugha ya jikoni: kwanza ngozi ikauke, ndipo ipate rangi. Hakuna njia ya mkato.

Mafuta kwenye karai yanakausha ngozi kwa fujo. Ule mlio unaousikia ukitumbukiza chipsi, yale mapovu yanayopanda mpaka ukingoni, ni maji ya kiazi yanafukuzwa. Mafuta hayajachemka hata kidogo. Kinachochemka ni kiazi. Hewa haina ubavu huo. Unaweza kuingiza mkono kwenye oveni ya nyuzi 200 ukatoa sinia na ukabaki na mkono wako. Lakini tone moja la mafuta ya nyuzi 180 linakuachia kovu la kusimulia. Joto linakaribiana, tofauti ni kasi ya kulikabidhi. Kwa hiyo ukitia kiazi kibichi chenye maji kwenye upepo wa moto, ngozi inachukua muda mrefu mno kukauka, na wakati inahangaika kukauka, tumbo nalo linakauka. Ukija kupata rangi, ndani pameshakuwa sifongo.

Ila hewa ina jambo moja la faida: inatembea. Kanga iliyoanikwa siku ya kaskazi inakauka mapema kuliko ile iliyoanikwa chumbani penye joto lile lile, kwa sababu upepo unaondoa unyevu kila unapojitokeza. Feni ya eafraya inafanya hivyo hivyo juu ya kiazi. Ndiyo maana nasema mashine hii ni ya kukausha. Na kama ni ya kukausha, kazi ya mpishi ni kuipelekea kiazi ambacho kimeshaiva ndani na kimebakiza maji kidogo sana nje. Mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Tuanze sokoni. Kiazi cha kazi hii ni kile cha unga, kile ukikichemsha kinapasuka pasuka na kuwa cheupe cha kumong'onyoka. Kile kinachobaki kimeshikamana, chenye kung'aa, ni kizuri kwa mchuzi na kachumbari ya viazi, lakini hapa kitakuangusha. Nyanda za juu kusini, Mbeya na Njombe, zinatuletea viazi vizuri sana, na Lushoto vilevile. Jirani zetu wa Kenya wana Shangi, ndiyo inayotawala masoko yao, kutoka Nyandarua na kwingineko. Inaiva upesi, inafaa karibu kila pishi, ila huchipua haraka kabla hujaimaliza. Ukimuuliza mama muuza viazi atakuambia vipi ni vya chipsi na vipi ni vya mchuzi, na mara nyingi yuko sawa kuliko kitabu. Nisiguse habari ya lumbesa, yale magunia yanayoshonewa kilemba juu mpaka mkulima anauza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Hiyo ni hotuba ya siku nyingine na nitaitoa nikiwa nimeshakunywa chai.

Kama huna mama wa kumuuliza, fanya jaribio la maji ya chumvi. Changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, koroga mpaka chumvi iishe, kisha tia kiazi kizima. Wanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo kiazi chenye unga mwingi kinazama, na chenye maji mengi kinaelea. Watoto wanalipenda jaribio hili, na chumvi ni rahisi. Maji yenyewe usiyamwage, utayatumia kukoshea sinki.

Ukishavinunua, viazi vibichi usiviweke kwenye friji. Baridi inafanya wanga wa kiazi kugeuka sukari, na kiazi chenye sukari nyingi kinaungua rangi kabla hakijawa na ukoko. Utaona kahawia iliyokolea kwenye ncha na ladha ya uchungu kwa mbali. Tena mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vikipigwa na moto mkali hujitengenezea kemikali iitwayo akrilamaidi, na sukari ya ziada inaizidisha. Hakuna haja ya kuogopa sahani yako, lakini kuna haja ya kuishia kwenye rangi ya dhahabu na kuacha ile ya mkaa. Weka viazi kwenye kikapu, mahali penye giza na hewa, mbali na jua, kwa sababu jua linavifanya vya kijani, na sehemu ya kijani ni ya kukata na kutupa.

Haya, sufuria. Hapa ndipo wengi wanaponiona mkorofi. Mtu amenunua mashine ili aache kuchafua sufuria, na mimi namwambia achemshe kwanza. Ndiyo, achemshe. Kata viazi vipande vya mraba vya kama sentimita mbili, vyote vya ukubwa mmoja kadiri unavyoweza. Nusu kilo inatosha watu wawili au watatu wenye mayai pembeni. Tia kwenye maji ya baridi, si ya moto, ili joto lipande taratibu na nje isije ikavurugika wakati ndani bado ni mbichi. Tia chumvi ya kutosha. Maji yawe na ladha. Wanga wa kiazi unaanza kunywa maji na kuvimba kwenye nyuzi 60 na kitu, na chumvi inaingia nayo. Chumvi utakayonyunyiza baadaye juu ya ukoko haifiki huko.

Sasa sikiliza siri ambayo bibi zetu walikuwa nayo bila kuipa jina. Kwenye maharage makavu na kwenye makande, wengi wao walidondosha kipande kidogo cha magadi. Magadi yanalainisha kwa sababu yanavunja pektini, ile gundi inayoshika chembe za mmea pamoja. Kwenye viazi kanuni ni hiyo hiyo. Chukua soda ya kuokea, ile ya unga mweupe ya dukani, nusu kijiko cha chai kwa lita mbili za maji. Gundi ya ngozi ya nje inalegea, kona za kiazi zinalainika na kuanza kuachia uji mweupe, huku katikati pakiwa bado pameshikamana. Uji huo ndio ukoko wa kesho. Usizidishe, ukizidisha viazi vinayeyuka na vinakuwa na ladha ya sabuni. Na usitie ndimu wala siki hapo, kwa sababu uchachu unafanya kinyume chake, unakaza ile gundi. Ndiyo sababu kiazi ulichokitia kibichi kwenye mchuzi wa nyanya nyingi au ukwaju hukawia kulainika mpaka ukadhani gesi imekuishia.

Vikianza kuchemka vihesabie dakika nane mpaka kumi. Choma kwa ncha ya kisu: kisu kipite bila kubishana, lakini kipande kisipasuke. Mwaga maji yote. Rudisha sufuria jikoni pale palipokuwa na moto, moto ukiwa umezimwa, bila kifuniko, uiache dakika mbili tatu. Utaona mvuke mwingi unapanda. Uache upande, kila unaopanda hapo ni maji ambayo feni haitapata tabu nayo. Mvuke ukipungua na viazi vikaanza kuonekana vimepauka, kama vimepakwa chaki kwenye kona, tia kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, funika, shika sufuria kwa mikono miwili na kuitikisa. Itikise kwa nguvu zaidi kidogo kuliko unavyodhani ni adabu. Ukifunua, vipande havitakuwa tena na nyuso laini zilizokatwa na kisu. Kila kimoja kitakuwa kimevaa koti la mkwaruzo, uji wa wanga uliochanganyika na mafuta, wenye vishimo na vinundu. Uso wenye vinundu una eneo kubwa kuliko uso laini, na kila kinundu ni mahali pa kukauka na kuwa kokoto ya dhahabu. Ukikosa koti hilo, hata mashine ya milioni haitakusaidia.

Na hapo umeona mafuta yameingia. Kijiko kimoja kwa nusu kilo. Wale wanaosema bila hata tone wanajinyima bure. Mafuta kidogo yanabeba joto mpaka ndani ya vile vishimo, yanapeleka rangi sawasawa, na bila hayo koti linakauka na kuwa kama unga uliomwagika. Tumia mafuta ya alizeti au mengine yoyote yanayovumilia moto. Samli pia ni tamu sana hapa, kwa anayeiweza. Siagi ya kawaida ina maziwa ndani yake na inaungua mapema, kwa hiyo isubirishe.

Kuna wanaonipigia simu na kusema: mzee, asubuhi tunaamka saa kumi na moja, gari la shule linapiga honi saa kumi na mbili na nusu, hayo ya kuchemsha na kukausha tutayafanya saa ngapi? Swali zuri, na jibu lake limenifurahisha kuliko pishi lenyewe: yafanye jana usiku. Baada ya chakula cha jioni, wakati unaosha vyombo, chemsha viazi, vikaushe, vitikise na mafuta yake, vitandaze kwenye sinia, na vikipoa tu viingize kwenye friji bila kufunika. Usiviache mezani mpaka asubuhi, joto letu la Dar es Salaam haliruhusu. Hapo friji haina ubaya tena, kwa sababu kiazi kilichochemshwa hakiwezi kugeuza wanga wake kuwa sukari. Vile vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo vimekufa kwenye maji ya moto. Tena friji inakusaidia. Hewa yake ni kavu, inaendelea kunyonya unyevu wa ngozi usiku kucha, na wanga uliolainika unajikaza upya. Asubuhi ukivishika vinakwaruza kidogo kwenye vidole. Viazi hivyo ni bora kuliko vya papo hapo. Wewe unaviingiza kwenye mashine unapokwenda kuamsha watoto, na wakati wanagombania bafu, vinaiva.

Kwenye mashine yenyewe mambo ni machache. Iwashe tupu kwanza, nyuzi 200, dakika tatu au nne, ili kiazi kikutane na joto na si na ubaridi wa chuma. Mimina viazi, vitandaze safu moja, na kati ya kipande na kipande pawe na mwanya. Mashine nyingi za nyumbani za lita nne au tano zinameza nusu kilo vizuri. Ukitia kilo nzima umejenga ukuta, upepo haupiti, mvuke unabaki katikati, na utakula viazi vya kuchemsha vilivyoungua juu. Kama watu ni wengi, pika mara mbili. Dakika kumi za kwanza usiviguse. Koti bado ni laini, ukilitikisa linabaki kwenye waya. Baada ya hapo toa kikapu, kitikise, rudisha. Kwa viazi vya papo hapo jumla itafika dakika 18 hadi 20, vya usiku vitatangulia kidogo. Mashine zinatofautiana na namba za kitufe cha chipsi usiziamini. Amini macho, na amini sikio pia: ukitikisa kikapu na viazi vikalia kwa ukavu, kwa mlio wa kugongana, vimefika. Vikianguka kimya, viongezee dakika tatu.

Nigusie umeme, maana najua kuna baba anayesikiliza huku anaangalia mita. Mashine nyingi ni za wati 1,500. Ikiwaka mfululizo dakika 25, pamoja na kuipasha, itakula kama uniti 0.6, na kwa kweli itakula pungufu kwa sababu inajizima na kujiwasha. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo ni kama shilingi 220. Mafuta ya kujaza karai ni maelfu. Angalizo langu ni kwa yule aliye kwenye daraja la matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi kwa sababu hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Wewe fanya hesabu kabla ya kuigeuza eafraya kuwa jiko la kila kitu. Uniti 15 au 18 za mashine kwa mwezi zinaweza kukuvusha mpaka, na ukivushwa, taa na friji navyo vinapanda bei. Jambo la pili, usiichomeke kwenye ekstensheni moja na jagi la umeme. Vyote viwili pamoja vinavuta zaidi ya ampea 13, na ile waya nyembamba ya ekstensheni ya mtaani itaanza kunuka kabla viazi havijanukia.

Tukiwa kwenye umeme: taifa limejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Nimesikia watu wakiitaja eafraya katika habari hizo. Mimi sikubaliani nao sana. Mkaa wa nyumba ya Mtanzania unaishia kwenye maharage na makande, na kwa hayo sufuria ya presha ya umeme ina faida kubwa kuliko kikapu cha viazi. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua presha. Eafraya ni ya pili, na ni ya nyumba ya watu wachache. Familia ya watu nane, bora ukoko wa kikaango kipana cha chuma kizito, moto wa wastani, vile vile viazi vyetu vilivyochemshwa na kutikiswa, vitandazwe na viachwe vipate rangi upande mmoja kabla ya kugeuzwa. Wamarekani ndivyo wanavyopika viazi vyao vya asubuhi kwenye migahawa tangu kabla ya mashine hizi, pamoja na kitunguu na pilipili hoho, mayai pembeni.

Msikilizaji mmoja wa Mombasa aliuliza kuhusu viazi karai. Ndugu yangu, hapana. Viazi karai vinavalishwa unga mbichi wa majimaji, na unga ule unahitaji kuzama kwenye mafuta ya moto ili ushikamane papo hapo. Kwenye eafraya utadondoka kupitia matundu kabla haujaganda, na kinachobaki feni itakirusha kwenye koili. Bajia za unga vilevile. Viacheni karaini, na mchuzi wake wa ukwaju. Muhogo ndio unaokubali sana: uchemshe mpaka uanze kupasuka, utoe mzizi wa katikati, ukaushe, mafuta kidogo, nyuzi 200. Kiazi kitamu kina sukari yake, kishushie joto mpaka 180 na usitegemee ukoko mkali. Kitakuwa kitamu na laini, basi.

Viungo. Kitunguu saumu cha unga na majani makavu yakiingia mwanzoni yanaungua na kuwa machungu, kwa hiyo vipe nafasi mwishoni. Viazi vikitoka, vimwage kwenye bakuli pana, nyunyiza pilipili manga iliyosagwa hapo hapo, bizari ya pilau kidogo, chumvi ukionja inahitajika, zungusha. Kama unataka kitunguu maji na hoho, vikate vinene, vipake mafuta, vitie kikapuni dakika saba za mwisho. Ukivitia mwanzo, kitunguu kinatoa maji yake na kuharibu kazi yote ya usiku.

Na mpangilio wa meza. Ukoko una dakika zake kumi hivi, baada ya hapo mvuke wa ndani unatoka na kuulainisha. Kwa hiyo chai iwe imeshachemka, mayai yameshakaangwa, kachumbari imeshakatwa na imeshaminywa ndimu, ndipo kikapu kitoke. Chachandu ya ukwaju iwekwe kibakuli cha pembeni, kila mtu achovye mwenyewe. Anayemwagia juu kwa niaba ya wenzake anyang'anywe kijiko. Nawaombeni pia akina mama na akina shangazi, pamoja na heshima zote: msiviweke kwenye hotpoti. Najua kuna baba anachelewa kuamka na mnamhurumia, lakini hotpoti inafungia mvuke ndani na baada ya robo saa atakuta viazi vya mchuzi. Mwachieni vyake vya friji kwenye sinia. Akiamka atajiwashia mashine mwenyewe, kitufe ni kimoja.